Kusafisha masizi kwenye valvu ya EGR na manifoldi ya injini ya dizeli, uani kwako

Gari la dizeli likianza kutema moshi mweusi kila ukikanyaga mafuta, likatetemeka likiwa sailensa (linanguruma limesimama), na likachoka kwenye mlima liliouzoea, hapa Arusha utaambiwa upesi: "Nozeli hizo," yaani vifaa vinavyopulizia mafuta ndani ya silinda. Mara nyingine ni kweli. Lakini kwa Prado, Hilux na mengine yenye pampu ya umeme, mimi huanza na njia ya hewa kabla ya kugusa nozeli. Masizi hujificha huko, na mtu mwenye spana za kawaida anaweza kufanya kazi ya maana bila kuharibu kitu cha mamilioni.

Kwanza ujue masizi hayo yanatoka wapi. Valvu ya EGR hurudisha sehemu ya moshi wa eksozi kwenye hewa inayoingia, ili moto ndani ya silinda upungue ukali na gesi za oksidi za naitrojeni zipungue. Moshi huo una masizi. Upande mwingine, bomba la kupumulia la injini hupitisha mvuke wa oili kwenye njia hiyohiyo ya hewa. Vikikutana, vinatengeneza ugoro mweusi unaonata, na siku zinavyokwenda tundu la hewa linakuwa jembamba. EGR hufanya kazi zaidi injini ikiwa haina mzigo mkubwa, ndiyo maana gari la watalii linalonguruma nusu saa Serengeti, wageni wakimsubiri chui ashuke mtini, hujaa kuliko lori la safari ndefu la kwenda mpakani Namanga. Gari la kupeleka watoto shule asubuhi na kurudi nalo limo kundi hilohilo.

Kama una Land Cruiser ya injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 isiyo na tabo (kifaa kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini), habari ni nyingine kidogo. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina mgandamizo pungufu kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na Tanga. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Pampu ikiendelea kumwaga dizeli kama iko pwani, moshi mweusi kwenye kupanda hauna uhusiano na uchafu wa manifoldi, lile bomba lenye matawi linalogawa hewa kwenye silinda. Hapo anza na filta ya hewa, kisha peleka pampu na nozeli zikapimwe.

Na hata kwa gari lenye tabo, filta ya hewa ndiyo ya kwanza. Itoe, igonge, itazame kwenye jua. Kagua na mabomba ya mpira kutoka kwenye tabo kwenda kwenye intakula (kipoozeo cha hewa ya tabo): penye ufa huwa pana utandu wa oili na vumbi. Nimeona watu wakifungua nusu ya injini kwa sababu ya klipu iliyolegea.

Vifaa: boksi spana na racheti, brashi za nailoni na moja ya waya wa shaba, vijiti vya mti vilivyochongwa bapa, beseni la plastiki lenye mfuniko, lita tano hivi za dizeli, sabuni ya kuoshea vyombo, dawa ya kopo ya kusafishia kabureta, dawa ya kupuliza ya kusafishia vifaa vya umeme, matambara yasiyochanika nyuzi, glavu za mpira, miwani na barakoa nzuri. Nunua gasketi mpya kabla ya kufungua, si baada. Jumapili jioni ukiwa na manifoldi mezani, duka la spea limefungwa, na Jumatatu gari linatakiwa kazini, utajua kwa nini nasema hivyo.

Barakoa na glavu si mapambo. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo usipulize masizi makavu kwa kompresa, wala usikung'ute karibu na watoto.

Kufungua

Jioni ya siku iliyotangulia, nyunyizia bolti dawa ya kulegeza kutu, hasa zile za upande wa eksozi. Hizo hupikwa na joto miaka yote, na ndizo hukatika. Kesho yake, injini ikiwa baridi kabisa, toa waya wa hasi wa betri. Piga picha za simu kabla ya kuchomoa chochote: kila soketi ya nyaya, kila kibomba cha vakyumu, kila klipu. Soketi za nyaya zilizokaa karibu na moto huwa zimekauka kama ganda la yai, kwa hiyo bonyeza kifungio chake, usivute waya.

Ili uipate EGR, fuata bomba la chuma linalotoka eksozi manifoldi kuja upande wa hewa. Kifaa kilichokaa hapo katikati, chenye kofia ya vakyumu au mota ya umeme juu yake, ndicho. Ikiwa ina kipoozeo cha maji, itabidi umwage kulanti (maji ya kupoozea injini) kwanza. Ikinge kwenye chombo na uifunike palepale, kwani ina ladha tamu na ni sumu kwa mbwa, kuku na watoto.

Bolti ikigoma usiilazimishe. Irudishe kidogo kwenye kukaza, kisha kwenye kufungua, kwenda na kurudi, huku ukiongeza dawa. Ukishatoa manifoldi, ziba matundu ya silinda kwa matambara mara moja, na uhesabu umeweka mangapi. Nati ikidondoka humo ndani, hiyo tayari ni kazi ya kufungua silinda hedi.

Soma uchafu kabla ya kuuosha

Hapa ndipo wengi huharakisha, na hapa ndipo mimi hukaa. Uchafu unakueleza injini inaumwa nini, na ukishauosha maelezo yamekwenda na maji.

Vumbi jeusi kavu, la tabaka jembamba, ni la kawaida, safisha ufunge. Ugoro mzito unaong'aa kama lami unasema oili inaingia kwa wingi. Tazama bomba la kupumulia la injini, halafu chungulia ndani ya bomba la hewa linalotoka kwenye tabo. Utelezi kidogo hauna shida. Kidimbwi cha oili maana yake sili za tabo zinapitisha, au ringi zimechoka na injini inasukuma mvuke kupita kiasi. Ukisafisha ukaacha hilo, utarudi kwenye beseni hilohilo.

Magamba meupe au ya kijivu yaliyoganda upande wa kipoozeo cha EGR, pamoja na kulanti inayopungua bila kuonekana inakovujia, yanaonyesha kipoozeo kimetoboka ndani. Hicho hakisafishwi, kinabadilishwa. Kulanti inayoingia kwenye silinda inaweza kupinda konrodi, mkono wa pistoni.

Ukiona masizi yamejaa tundu moja la manifoldi kuliko mengine, weka alama. Siku ukipeleka nozeli kupimwa, mwambie fundi silinda namba ngapi.

Kuosha

Anza kukwangua pakiwa pakavu, kwa kijiti cha mti. Vipande vikubwa vitoke kwanza, vinginevyo dizeli yote itageuka uji. Kisha laza kifaa kwenye dizeli usiku kucha, beseni likiwa na mfuniko na mbali na jiko. Zamani tulitumia mafuta ya taa, nayo yanafanya kazi vizuri, ila tangu kodi yake ilipopandishwa mwaka 2011 kuzuia uchakachuaji, dizeli ndiyo inayoingia akilini. Petroli hapana. Mvuke wake hutambaa chini hadi kwenye jiko la mkaa la jirani, na moto hurudi kwa njia hiyohiyo.

Usizamishe EGR nzima ikiwa ina mota ya umeme. Upande wa masizi ndio uguse dizeli. Mota ibaki juu, kavu, imefungwa kwa mfuko wa plastiki.

Sasa kuhusu kostiki soda. Kuna kijana atakwambia itoe manifoldi, itumbukize kwenye maji ya moto yenye kostiki, na nusu saa itakuwa nyeupe. Ni kweli itang'aa, kwa sababu inaliwa. Manifoldi nyingi na mwili wa EGR ni aluminiamu, na kostiki huitafuna na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo inalipuka. Anayepika makande kwa magadi kwenye sufuria ya aluminiamu amewahi kuiona sufuria ikigeuka nyeusi. Kostiki ni magadi yenye hasira mara nyingi zaidi. Dawa kali za kusafishia oveni nyingi zina kitu hichohicho, kwa hiyo soma kopo.

Asubuhi sugua kwa brashi ya nailoni. Brashi ya shaba itumie kwenye chuma tu, na usipige msasa pale pini ya EGR inapokalia, kwani mkwaruzo mdogo unatosha kuifanya ivuje daima. Mikondo ya ndani ya manifoldi haifikiwi na brashi fupi. Chukua waya wa breki ya baiskeli, changua nyuzi zake nchani, ufunge kwenye drili, uzungushe taratibu kwa mwendo mdogo. Ikiwa manifoldi ina vipepeo vidogo ndani (vibati vinavyofungua na kufunga njia ya hewa), usivisukume kwa nguvu.

Baada ya hapo maji ya moto na sabuni, suuza, rudia mpaka maji yatoke masafi. Anika juani siku nzima. Wakati wa masika, weka ndani na usubiri zaidi. Usifunge kitu chenye unyevu kwa sababu tu umechoka kusubiri. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Huzimwa kwa kukatiwa mafuta. Dizeli au dawa ikibaki imetuama kwenye manifoldi, injini itainywa na kupanda mzunguko yenyewe, na ufunguo hautaizima. Geuza manifoldi kila upande, pangusa kila kona.

Kihisi cha mgandamizo wa hewa kipulizie dawa ya vifaa vya umeme tu, kikauke chenyewe. Usichokoe tundu lake kwa sindano.

EGR ya vakyumu ijaribu kwa bomba la sindano kubwa la hospitali, bila sindano yenyewe: vuta, pini ipande na ikae; achia, irudi kwa springi. Halafu mimina dizeli kidogo juu ya kikalio chake. Ikichuruzika upande wa pili papo hapo, haifungi. Ya umeme usiisukume kwa bisibisi, gia zake ndogo huvunjika.

Kufunga

Toa matambara, uyahesabu tena. Gasketi mpya, bila silikoni. Mabaki yake hukatika na kuingia injini. Anza bolti zote kwa vidole, kisha kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Vipimo vya kukaza vitafute kwenye kitabu cha gari lako, maana uzi wa bolti ndani ya aluminiamu hausamehe.

Washa. Moshi kidogo dakika za mwanzo ni mabaki yanaungua. Sikiliza mluzi wa hewa kwenye maungio, toa hewa kwenye kulanti kama uliimwaga, na ikiwa taa ya injini imewaka, gari likapimwe kwa mashine. Baadhi huhitaji EGR ifundishwe upya mkao wake.

Watu huniuliza, "Fundi, kwa nini tusiizibe kwa bati tu?" Kwenye gari lenye kompyuta, mara nyingi taa itawaka na nguvu inaweza kupunguzwa, na gesi ile iliyokuwa inazuiwa itatoka yote. Mimi sizibi.

Nozeli za reli ya pamoja (mrija mmoja unaolisha nozeli zote), tabo na kichujio cha masizi cha eksozi sivigusi uani. Mafuta kwenye reli hiyo hupita baa 1,000, na mchirizi wake mwembamba hupenya ngozi. Usilegeze mrija wowote wa mafuta injini ikiwaka.

Dizeli chafu haimwagwi mferejini wala kuachiwa mvua iipeleke mto Themi. Ukiwa mjini Moshi, mfongo (mfereji wa kumwagilia mashamba) unaopita nyuma ya nyumba yako unanywesha ndizi za mtu huko chini. Iache itulie kwenye dumu, ya juu uiweke kwa kulowekea siku nyingine, tope lipeleke gereji inayokusanya oili chafu.

Baada ya kilomita 5,000 hivi, legeza bomba la hewa karibu na manifoldi uingize kidole. Kikitoka na vumbi kavu, funga uendelee. Kikitoka na oili, kagua bomba la kupumulia na tabo kwanza, na manifoldi uiache mahali pake hadi hayo yatengenezwe.