Namna ya kuipeleka skuta ya kukaa barabarani bila kujiumiza wala kuumiza wengine

Naongelea zile skuta za umeme za kukaa, zenye kiti kikubwa, usukani wa kusimama mbele na kikapu, magurudumu matatu au manne, wanaozitumia ni watu ambao miguu au mgongo au moyo hauwaruhusu tena kutembea mbali. Mama yangu anayo, huu mwaka wa sita sasa, mimi ndo nilimfundisha kuiendesha na mimi ndo nilimwinua siku aliyoanguka, kwahiyo nikiona mtu anakatiza barabara na skuta huku macho yako kwenye simu roho inanipaa kabisa.

Shida ya skuta ni kwamba inakulegeza. Umekaa, mgongo umeegemea, hamna mngurumo, hamna gia, mwendo ni wa mtu anayetembea harakaharaka tu, mwili unajiona bado uko sebuleni. Halafu unashuka kwenye lami, na dereva anayekuja hategemei kabisa kukuta kitu kifupi namna hiyo kinatambaa mbele yake. Ajali nyingi za skuta zinaanzia hapo, kwenye ule utulivu.

Kwanza jua sheria ya nchi uliyopo, usiende kwa kuangalia jirani anafanyaje. Uingereza kwa mfano wamezigawa, kuna za kundi la 2 ambazo mwisho ni kilomita 6.4 kwa saa na mahali pake ni njia ya waenda kwa miguu, barabarani unashuka tu kama njia hiyo haipo au unavuka, halafu kuna za kundi la 3 zinazofika kilomita 12.8 barabarani lakini zikipanda njia ya miguu zinatakiwa zirudi kwenye 6.4, hizi lazima zisajiliwe, mwendeshaji awe na miaka 14 kwenda juu, leseni haidaiwi ila zile barabara kuu za magari ya kasi ni marufuku kabisa. Ukienda Australia mtu wa skuta isiyozidi kilomita 10 kwa saa anahesabiwa kama mtembea kwa miguu, maana yake pasipo na njia ya miguu anatakiwa aende akiyatazama magari yanayokuja, wakati Uingereza ukiwa barabarani unafuata uelekeo wa magari. Umeona hapo? Kitu kilekile, huku unaambiwa uyape magari mgongo, kule unaambiwa uyape uso. Kwahiyo uliza polisi wa usalama barabarani au aliyekuuzia, uulize mambo matatu: niende upande gani, mwisho wa spidi ni ngapi, na barabara zipi siruhusiwi.

Sasa la kuonekana, na hili naomba ulifanyie kazi leo leo. Ukiwa umekaa kwenye skuta kichwa chako kiko kama mita 1.2 au 1.3 kutoka chini, yaani gari dogo tu lililopaki linakuficha, achilia mbali yale makubwa ya bonneti ndefu. Sisi tulifanya jaribio, mama akakaa na skuta kati ya magari mawili yaliyopaki kama mtu anayetaka kuvuka, mimi nikaenda mbali kidogo upande wanaotokea madereva, nikachuchumaa mpaka macho yakawa usawa wa dereva aliyekaa, nikapiga picha. Nilipomwonyesha alinyamaza kimya, maana kwenye picha kulikuwa na kofia yake nusu, basi, skuta haipo, mikono haipo, hamna chochote kinachosema hapa kuna mtu. Kesho yake tukafunga fimbo ndefu nyuma ya kiti yenye kibendera cha rangi kali, inapita juu ya paa za magari madogo, na akaanza kuvaa kile kizibao cha reflekta. Taa washa hata mchana. Na usivukie kati ya magari yaliyopaki hata kama zebra iko mbele zaidi na umechoka, nenda mpaka kwenye zebra.

Malori na mabasi yana habari yao. Dereva wa lori amekaa juu sana, mbele ya kabini na ubavuni kuna sehemu hazioni, na skuta inaingia yote humo ndani ikapotea. Usisimame kwenye taa ubavuni mwa lori, wala usijipenyeze mbele yake karibu karibu, kaa nyuma kwa umbali au subiri liondoke. Kama vioo vyake huvioni ujue na yeye hakuoni, na hata ukiviona bado usijipe uhakika mpaka mmetazamana macho kwa macho.

Kuvuka. Hapa nataka tupige hesabu kidogo kwa sababu watu wanakadiria kwa hisia na hisia ni za enzi zile wanakimbia. Barabara ya upana wa mita 10, skuta ya kilomita 6.4 kwa saa, mpaka mkia wake utoke upande wa pili ni sekunde kama 6, na hapo sijaweka muda wa kuanza kuondoka. Gari la spidi 60 ndani ya sekunde hizo 6 linakuwa limekula mita 100. Mita mia! Kwahiyo gari unaloliona kule mbali ukajisemea "bado sana hilo", sio bado sana, ndo hilo litakalokukuta katikati. Na dereva akikuona, gari la kilomita 48 kwa saa kwenye lami kavu linahitaji kama mita 23 mpaka lisimame, la kilomita 80 linahitaji kama 53, mvua ikinyesha ndo usiseme. Nenda nje siku moja bila skuta, kaa pembeni, chagua gari, hesabu mpaka 6 uone limefika wapi. Ukishaiona kwa macho yako hutahitaji kuambiwa tena usivuke kwa kubahatisha. Kwenye kiplefti chenye magari mengi usiingie kabisa, zunguka kwa njia ya miguu na vivuko vyake hata ikiwa ndefu.

Halafu kuna liva. Skuta nyingi haina breki ya mguu kama gari, unabonyeza liva kwa kidole gumba au vidole ili iende, ukiachia inajifunga breki yenyewe. Sasa mtu akishtuka vidole vinafanya nini? Vinakaza! Mkono wa mtu aliyeshtuka unashika kwa nguvu, na kukaza liva ni kuongeza mwendo, ndo maana unasikia skuta imeingia kwenye ukuta au imemgonga mtu na mwenyewe analia "nilikuwa nafunga breki". Hakusema uongo, alidhani anafunga. Hili linatibika kwa mazoezi tu, tafuta uwanja mtupu, spidi weka ile ya chini kabisa, awepo mtu pembeni ambaye ghafla bila taarifa anasema "achia!" na wewe unafungua vidole vyote wazi kama unaaga mtu. Mara ishirini, mara thelathini, kesho tena. Mama tulifanya wiki mbili mpaka nikipiga chafya anaachia. Zipo skuta ambazo ukikaza kupita kiasi zinasimama zenyewe, lakini usitegemee hilo kabla hujajua ya kwako inafanyaje.

Ukingo wa barabara, ile ngazi ya zege kati ya njia ya miguu na lami, umeangusha watu wengi. Sehemu nzuri ni pale palipoinamishwa, tumia hapo hata kama ni mbali. Ikibidi kupanda au kushuka ukingo mfupi, kwanza angalia kitabu cha skuta yako kinasema inaweza urefu gani, halafu uuendee wima kabisa, magurudumu ya mbele yote mawili yaguse kwa pamoja, polepole, mwili umeegemea upande wa mlima. Kosa ni kwenda kimshazari. Gurudumu moja linatangulia kushuka, upande mmoja uko chini na mwingine juu, uzito wako uko juu kwenye kiti, basi skuta inalala ubavu na wewe unalala upande wa magari. Za magurudumu matatu ndo zinapinduka upesi zaidi, zinakata kona vizuri ila zina kiwewe kwenye mteremko wa pembeni na kwenye kona za haraka. Punguza spidi kabla ya kona, sio ndani ya kona. Reli za treni nazo uzivuke wima hivohivo, gurudumu dogo likiingia kwenye mfereji wa reli halitoki kirahisi.

Mizigo weka kwenye kikapu na chini ya miguu kama pana nafasi, usitundike mifuko kwenye usukani. Mtoto usimpakate, kiti ni cha mtu mmoja.

Siku aliyoanguka mama hapakuwa na gari wala kona. Alikuwa amesimama pembeni ya barabara, ufunguo uko on, taa ya betri inawaka kijani, akainuka ateremke kuokota kitu alichodondosha. Mkanda wa mkoba wake mrefu ule wa kuvuka kifua ulikuwa umejizungusha kwenye liva, alipoinuka mkanda ukavuta, skuta ikaruka mbele na yeye mguu mmoja uko chini mwingine bado juu ya ubao. Alianguka kwa nyonga, kofia ikaenda barabarani, gari lililokuwa linapita likakwepa. Nilikuwa hatua tano tu na sikuwahi. Alipona, ila miezi miwili hakuweza kulala ubavu ule. Tangu hapo kuna kanuni moja kwetu haina mjadala: kabla ya kupanda na kabla ya kushuka, zima na ufunguo utoe uushike mkononi. Hata ukishuka kwa nusu dakika, hata ukijigeuza tu kwenye kiti uongee na mtu nyuma. Na kiti kile kinachozunguka kikishageuzwa pembeni usiendeshe, hakikisha kimelia "tak" kikajifunga kutazama mbele.

Kuhusu wewe mwenyewe pia uwe mkweli. Dawa za maumivu makali, za usingizi, baadhi za mzio, zinaleta kusinzia na kuchelewesha mkono, muulize daktari au mfamasia kwa maneno hayahaya "naendesha skuta barabarani, hii dawa inaruhusu?" maana asipojua hatakwambia. Pombe hapana. Macho je? Uingereza wanashauri mtu aweze kusoma namba ya gari kutoka mita 12.3, pima na wewe, ni kama hatua 16 au 17 za kawaida, kama namba haisomeki nenda kapime macho kabla ya kutoka tena.

Na ukiwa kwenye njia ya miguu kumbuka wewe ndo mkubwa. Skuta peke yake inaweza kuwa kilo 50 mpaka 100 na zaidi, ongeza wewe, ongeza mzigo, hiyo ikimpanda mtu kwenye kisigino inaumiza hata kwa mwendo wa polepole. Piga honi mapema, taratibu, usimpigie mtu sikioni, na ukirudi nyuma geuza kichwa uangalie, ule mlio wa kurudi nyuma hausikiki na kila mtu.

Betri inaingia kwenye usalama moja kwa moja. Umbali ulioandikwa kwenye karatasi ya dukani ni wa barabara tambarare, mtu mwepesi, betri mpya. Milima inakula, uzito unakula, baridi inakula sana, na betri ya miaka mitatu sio ile uliyonunua. Sisi tukiona imebaki nusu tunageuza kurudi, tumefika tusifike. Kwa sababu skuta ikikata moto katikati ya barabara haisogei hata sentimita, ile breki inajifunga yenyewe umeme ukiisha, watu wanakuja kusukuma kwa nguvu zote wanadhani imenasa kumbe ndo ilivyotengenezwa.

Kwahiyo jifunze ile liva nyingine, ya kuachia mota, mara nyingi iko nyuma karibu na magurudumu, ina rangi yake. Wewe uijue na kila anayekuzoea aijue, mama ameweka kikaratasi cha maandishi makubwa nyuma ya kiti chenye mshale unaoelekea kwenye liva. Ikizima barabarani, kwanza wewe shuka usaidiwe ufike pembeni kama unaweza, mmoja asimame nyuma kwa umbali asimamishe magari, mwingine aizungushe liva na kusukuma skuta ikiwa tupu. Usikae juu yake liva ikiwa wazi, hapo haina breki hata moja, mteremko mdogo tu inaondoka na wewe. Ikifika pembeni liva irudishwe kwanza, uisukume kidogo kwa mkono uone imegoma kusogea, halafu ndo ukae.