Somo: Kufuma kofia na marafiki wa mtandaoni huku mnatazama filamu

Jioni za namna hii huharibika pale kazi inayotaka macho na filamu inayotaka macho zinapowekwa kwa wakati mmoja. Basi tuigawe kofia. Utosi una hesabu, kila mtu aufume mapema peke yake. Pande za chini hazina hesabu, na hizo ndizo za filamu.

Hatua ya 1: Utosi

Chukua gramu 100 za uzi wa unene wa kati na sindano ya krosheti ya milimita 5. Chagua rangi iliyokoza kidogo tu au nyeupe. Uzi mweusi hupendeza ukishavaliwa, ila kwenye mwanga hafifu wa skrini huoni pa kupitisha sindano.

Tengeneza pete ya uzi, fuma ndani yake mishono mifupi 6 (ingiza sindano, vuta uzi, kisha uvute tena kupitia vitanzi vyote viwili), kisha vuta ncha mpaka tundu lifunge. Mzunguko wa pili, fuma miwili katika kila mshono, upate 12. Wa tatu, mmoja kisha miwili, mpaka ufike 18. Wa nne, mmoja, mmoja, kisha miwili: 24. Endelea hivyo hivyo, kila mzunguko ukizidi uliotangulia kwa 6. Usifunge mzunguko mwishoni, unganisha moja kwa moja na unaofuata. Kwa kuwa hapo mwanzo wa mzunguko hauonekani, chomeka kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza na ukihamishe kila unapoupita.

Uache lini kuongeza? Pima mzingo wa kichwa, toa sentimita 5, gawanya kwa 3.14. Kichwa cha sentimita 56 kinataka duara lenye upana wa sentimita 16 hivi. Zile 5 ulizotoa ndizo zinazoifanya kofia ishike. Duara likitimia, fuma mshono mmoja juu ya mmoja tu, raundi baada ya raundi, mpaka masikioni. Sehemu hii vidole huifanya vyenyewe.

Hatua ya 2: Filamu

Kila mtu afungue filamu kwenye kifaa chake. Kabla ya yote tumianeni urefu wake: saa, dakika na sekunde. Ukitofautiana, mna matoleo mawili na hamtakwenda sawa hata mkianza pamoja. Filamu ya kusoma tafsiri chini ya skrini iacheni kwa siku isiyo na sindano.

Hatua ya 3: Kuanza

Wote simamisheni picha kwenye sekunde ya 10, msubiri ipakie vizuri. Mkiwa kwenye simu ya pamoja, mmoja ahesabu kwa sauti: tatu, mbili, moja, twende. Kuhesabu kwa ujumbe wa maandishi hakufai, maana kila simu hupokea kwa wakati wake. Aliyekatikiwa na mtandao aulize mko dakika ya ngapi. Mkisema 41:20, aweke 41:40, asimamishe, na abonyeze mtakapomwambia mmefika hapo.

Hatua ya 4: Sauti

Hedifoni ni lazima. Bila hizo maiki yako hunasa filamu, na wenzako huisikia mara mbili, ya pili ikichelewa. Usipoongea, zima maiki.

Kila baada ya dakika 40 simamisheni, mpumzishe viganja na kuonyeshana kazi. Ilaze kofia juu ya kitambaa kisicho na maua, kamera ya simu iitazame kutoka juu, taa itoke ubavuni. Mwanga wa ubavuni huipa mishono vivuli, nayo huhesabika hata kwenye picha.

Maswali

Mwalimu, nikiwaonyesha wenzangu skrini yangu wanasikia sauti lakini picha ni nyeusi. Simu ni mbovu?

Simu ni nzima, dada. Huduma nyingi za filamu za kulipia huzuia picha yake isinakiliwe, na kushiriki skrini huhesabiwa kuwa ni kunakili. Ndiyo maana kila mtu afungue yake.

Tulianza pamoja kabisa, lakini baada ya nusu saa mwenzangu anacheka kabla yangu.

Toleo lako linakwenda picha 24 kwa sekunde, lake 25. Katika nusu saa yeye hukutangulia kwa zaidi ya dakika moja, na filamu yako ya dakika 120 kwake huisha kwa 115. Kama programu yake inaruhusu kubadili mwendo, aweke 0.96.

Utosi wangu unajikunja kama bakuli, wa rafiki yangu una mawimbi. Tumekosea wapi?

Wewe umeruka nyongeza, yeye amezidisha. Hesabuni kila mzunguko kuanzia katikati. Ule wa kwanza usiogawanyika kwa 6 ndio wenye kosa. Fumueni mpaka hapo. Kuvuta kwa pasi hakutasaidia.

Rafiki yangu wa Uingereza kanitumia maelezo yenye "dc". Nimeyafuata, kofia imetoka ndefu na yenye matundu.

Umeisoma "dc" kwa Kimarekani, ndugu. Huko ni mshono mrefu, unaozungusha uzi kwenye sindano kabla ya kuingiza. Kwa Uingereza herufi hizo hizo ni mshono mfupi, ambao Wamarekani huuandika "sc". Mkibadilishana maelezo, kila mmoja atume kwanza picha ya mishono 6 iliyofumwa, ndipo mwanze.