Jinsi ya Kufuatilia na Kutunza Mashine za Kushtua Moyo Jijini Dodoma

Moyo wa mtu unaposimama ghafla, awe anasubiri basi stendi ya Nzuguni au ameketi jukwaani Uwanja wa Jamhuri, nafasi yake ya kupona hupungua kwa takribani asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua na kushtuliwa kwa umeme. Mashine ya kushtua moyo, yaani difibrileta, haiwezi kumsaidia ikiwa imefungiwa katika ofisi ambayo mwenye ufunguo ameshaondoka, au ikiwa betri yake iliisha zamani na hakuna aliyegundua.

Msimamizi wa jengo, soko au stendi aanze na rejista. Humo iandikwe aina ya kila mashine, namba yake ya utambulisho, tarehe ya mwisho ya pedi (vibandiko vya kifuani vinavyopitisha umeme) na ya betri, saa ambazo mashine inafikika, na mahali ilipo. Mahali paelezwe kwa namna ambayo mgeni ataweza kufika mbio: "ukutani, kulia kwa dirisha la tiketi, ghorofa ya chini" ni maelezo bora kuliko "jengo kuu", hasa katika jiji linalopokea wageni wengi wa Bunge na mikutano. Lililo zito kuliko yote ni jina na simu ya mtunzaji, pamoja na za msaidizi wake. Kwa maoni yangu mlinzi wa getini anafaa kuliko mkuu wa idara, kwa kuwa mlinzi hupita mbele ya kisanduku cha mashine kila siku, ilhali mkuu husafiri mara kwa mara. Msikubali kuandika "idara ya utawala", maana mashine ya idara nzima haina mwenyewe.

Mashine nyingi hujipima zenyewe na kuonyesha matokeo kwa taa au alama ndogo. Kila wiki mtunzaji aitazame alama hiyo, kisha aandike tarehe na kutia saini kwenye karatasi iliyo ndani ya kisanduku. Asiiwashe kwa kujaribu tu, kwa sababu kufanya hivyo hula betri, wala asifungue pakiti ya pedi, kwani jeli yake itakauka na pedi hazitashika vizuri kifuani. Mashine ikianza kutoa mlio mfupi unaojirudia, inadai kushughulikiwa. Walinzi wa usiku waelezwe mapema kwamba wampigie simu msimamizi, wasichomoe betri ili kupata utulivu.

Betri nyingi za mashine hizi hazichajiwi, hivyo kukatika kwa umeme hakuziathiri, lakini zina ukomo wake kama zilivyo pedi. Fuateni tarehe iliyochapishwa, na muagize vipuri miezi mitatu au minne kabla, kwa kuwa kwa kawaida hutoka nje ya nchi.

Joto linahitaji uangalifu wa pekee. Mashine nyingi zimeundwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 0 na 50 za Selsiasi. Hewa ya Dodoma haifiki kiwango hicho, ila kisanduku cha chuma kilichotundikwa kwenye ukuta unaopigwa na jua la alasiri mwezi wa Oktoba au Novemba, au buti la gari lililoegeshwa juani, linaweza kukipita. Tundikeni kivulini, penye kupita watu. Wakati wa kiangazi, upepo unapopeperusha vumbi, kisanduku kifutwe mara kwa mara na mlango wake ufungwe sawasawa bila kufuli.

Mashine ikishatumika, pedi zibadilishwe siku hiyo hiyo, betri ikaguliwe, na mkasi, wembe na glavu virudishwe. Kumbukumbu ya mapigo ya moyo iliyohifadhiwa ndani isifutwe, kwa sababu madaktari wanaompokea mgonjwa wanaweza kuihitaji. Ikiwa pedi za akiba hazipo, kisanduku kibandikwe tangazo linaloonyesha mashine ya jirani ilipo, na rejista irekebishwe kabla ya zamu kwisha.