Somo: Kugeuza jengo kongwe la shule kuwa kituo cha sanaa cha jamii

Jengo la shule ya zamani lina dari ya juu, madirisha mapana na vyumba vinavyofungika kimoja kimoja. Msanii atake nini tena? Huko New York, shule iliyojengwa mwaka 1892 na kufungwa mwaka 1963 ilifunguliwa tena mwaka 1976 kama kituo cha sanaa, na leo inaitwa MoMA PS1. Katika maonyesho ya kwanza wasanii waliingia madarasani, darini na hadi vyumba vya chini, rangi ikiwa bado inabanduka ukutani. Hawakungoja jengo likamilike.

Hatua ya 1: Karatasi. Jueni mwenye jengo ni nani, na kama limeorodheshwa kuwa urithi. Kama limeorodheshwa, kibali kinatangulia nyundo. Mkipanga, ombeni mkataba wa miaka mingi. Hakuna mfadhili atakayeezeka paa la jengo mnaloweza kuondolewa mwakani.

Hatua ya 2: Likagueni mvua ikinyesha. Jua likiwaka kila jengo ni zima. Mvua ndiyo inayoonyesha mfereji uliotoboka na ukuta unaolowa. Kisha pandeni darini na tochi. Pale kenchi inapokalia ukuta, ichomeni kwa bisibisi: mbao nzima inagoma, iliyooza inaimeza hadi kwenye mpini.

Hatua ya 3: Sumu. Majengo ya zamani mara nyingi yana asbesto, yaani nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, na rangi yenye madini ya risasi. Msikwangue, msipige msasa, msitoboe kabla sampuli hazijapimwa maabara. Watoto ndio watakaokuwa wanacheza humo.

Hatua ya 4: Ukuta. Hapa nina kidonda. Ukumbi wa kwanza niliousimamia ulikuwa wa matofali laini yaliyojengewa chokaa. Tukaona nyufa, tukaleta saruji, tukapiga lipu safi, tukapigana picha. Baada ya misimu miwili ya mvua lipu ilianza kutoa sauti ya debe tupu ukiigonga, ikaanguka vipande vipande, na kila kipande kimebeba uso wa tofali mgongoni. Kisa ni unyevu. Chokaa inapumua, maji yanatoka. Saruji ngumu inayafungia ndani, chumvi inaganda na kulipasua tofali. Ukuta wa chokaa hurekebishwa kwa chokaa. Fundi akikucheka, tafuta fundi mwingine.

Hatua ya 5: Gawanyeni vyumba. Tanuri ya ufinyanzi ni nzito na ina moto, kwa hiyo ikae chini, karibu na maji. Ngoma ziwe mbali na maktaba. Wachezaji wapeni sakafu ya mbao inayonesa, kwa sababu zege huumiza magoti. Na njia ya kiti cha magurudumu ipangwe sasa: kila sentimita 1 ya kupanda inataka angalau sentimita 12 za urefu. Ngazi za mlangoni zenye kimo cha sentimita 45 zinadai mteremko wa mita 5.4. Pimeni uwanja kabla hamjamwaga zege.

Hatua ya 6: Fungueni chumba kimoja. Paa likishatengemaa na mhandisi akiridhika, anzeni na darasa moja. Watu wakizoea kuja, hata michango inaombeka.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbao za kuandikia tuzing'oe?*
Hapana! Acheni angalau moja kila chumba. Ratiba itaandikwa hapo, na wazee waliosoma hapo watasimama mbele yake kabla ya kutazama mchoro wowote.

*Ukumbi wetu una mwangwi, maneno hayasikiki.*
Ukuta mtupu unarudisha sauti. Tundikeni mapazia mazito yenye mikunjo, yaachane na ukuta kidogo. Zulia peke yake halitoshi.

*Bili ya umeme nani atalipa?*
Swali hili ndilo huua vituo, kuliko hata mchwa. Vyumba viwili vitatu vikodishwe kwa mafundi wa kudumu: mshonaji, mpiga picha, mchonga vinyago. Kodi yao ilipe bili. Maonyesho yasipewe mzigo huo, maana mapato yake hayatabiriki.

*Ndugu, tuna pesa za kitu kimoja tu kwa sasa. Paa au madirisha?*
Paa. Na mifereji yake. Madirisha yapigieni mbao, mwache upenyo wa hewa.