Kupima taita ya kaswende kwa RPR: somo kwa maabara ndogo, pamoja na maswali ya wanachama

Majibu mengi ya kaswende yanayotoka katika maabara zetu ndogo huandikwa kwa maneno mawili tu, "RPR chanya" (RPR ni kipimo cha damu cha kaswende kinachosomwa kwenye kadi), na mimi nayahesabu majibu hayo kuwa nusu ya kazi. Daktari anayeyapokea hawezi kujua kama mgonjwa aliyeketi mbele yake ana maambukizi yanayoendelea, au ana mabaki ya ugonjwa uliotibiwa miaka mingi iliyopita, au ana malaria tu. Kinachomsaidia kupambanua ni taita, yaani kiwango cha mwisho ambacho damu inaweza kuzimuliwa na kingamwili bado zikaonekana. Somo hili linaeleza namna ya kuipata taita hiyo, na limewalenga wataalamu wa maabara pamoja na manesi wa kliniki ya wajawazito wanaoyasoma majibu hayo kila siku.

Uzito wa namba hiyo ulionekana wazi mkoani Mwanza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002. Wanawake ambao hawakuwahi kupimwa kaswende wakati wa ujauzito walipimwa walipofika kujifungua. Kati ya 73 waliokuwa na kaswende hai yenye taita ya 1:8 au zaidi, yaani damu iliyozimuliwa mara nane bado ilionyesha kingamwili, 18 walijifungua mtoto mfu. Kati ya 233 wasio na maambukizi, waliopatwa na msiba huo walikuwa 3. Kila ninapokutana na kadi ya kliniki iliyoandikwa "chanya" bila namba, huwakumbuka hao 18.

Kinachopimwa hasa

RPR haimtafuti kijidudu cha kaswende. Antijeni iliyomo kwenye chupa, yaani kitu ambacho kingamwili hukishika, ni mafuta yanayoitwa kadiolipini, yaliyochanganywa na lesithini na kolesteroli, kisha yakatiwa chembe za mkaa ili jicho liweze kuona kinachotokea. August Wassermann na wenzake walipotangaza kipimo cha kwanza cha damu cha kaswende mwaka 1906, walitumia ini la kichanga mfu aliyekuwa na ugonjwa huo, wakiamini kwamba wanapima kijidudu chenyewe; haikuchukua muda ikaonekana kwamba moyo wa ng'ombe asiye na ugonjwa wowote unatoa majibu yaleyale. Mafuta hayo yamo hata katika seli zetu wenyewe, na kaswende inapoharibu tishu, mwili hutengeneza kingamwili dhidi yake. Ndiyo sababu taita hupanda ugonjwa unaposhika kasi na kushuka dawa inapofanya kazi. Ndiyo sababu vilevile malaria, kifua kikuu, ukoma na hata ujauzito wenyewe vinaweza kuifanya RPR iwe chanya pasipo kaswende, ingawa kwa kawaida taita ya namna hiyo huwa chini ya 1:8.

Vipimo vinavyotafuta kingamwili za kijidudu chenyewe, kama TPHA na vile vya haraka vya kuchoma kidole, havina tabia hiyo ya kupanda na kushuka. Kwa watu wengi hubaki chanya maisha yote, hata baada ya kupona kabisa.

Hatua ya kwanza: kuandaa vifaa

Toa antijeni na sampuli za udhibiti, yaani zile ambazo majibu yake yanajulikana tayari, kwenye jokofu na uziache zifikie joto la chumba, ambalo linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 23 na 29 za Selsiasi. Wenzetu wa Makete na Njombe wasilipuuze jambo hili, kwa kuwa chumba kikiwa baridi chembe za mkaa huchelewa kushikamana, na sampuli yenye kingamwili chache inaweza kuonekana hasi.

Kisha kagua sindano ya kudondoshea antijeni. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, nami naiona kuwa miongoni mwa zile zinazoharibu majibu mengi. Vuta nusu mililita ya antijeni kwenye pipeti, ivishe sindano hiyo, uishike wima na kuhesabu matone: yanatakiwa kuwa 30, na yasizidi wala kupungua zaidi ya tone moja. Sindano iliyopinda au kuziba kidogo hutoa matone ya ukubwa tofauti, na hapo taita zote za siku hiyo huwa hazina maana. Chupa itikise taratibu kabla ya kutumia, kwa sababu mkaa hutuama chini.

Anza na sampuli za udhibiti, hasi na chanya. Zikikataa kutoa majibu yanayotarajiwa, usipime damu ya mtu yeyote mpaka ujue sababu.

Hatua ya pili: kuzimua

Unahitaji seramu, yaani maji ya damu yanayobaki damu ikishaganda, iliyo safi na isiyo na chembe nyekundu, pipeti ya mikrolita 50, maji ya chumvi ya asilimia 0.9, na kadi yenye maduara ya milimita 18.

Weka mikrolita 50 za maji ya chumvi katika duara la 2, la 3, la 4 na la 5, bila kuyasambaza. Duara la 1 lisiwekwe maji. Weka mikrolita 50 za seramu katika duara la 1, na nyingine 50 katika duara la 2. Hapo kwenye duara la 2 vuta na kusukuma mchanganyiko kwa pipeti mara tano au sita, polepole, ukijihadhari na mapovu. Vuta mikrolita 50 za mchanganyiko huo, uzihamishie duara la 3, uchanganye vilevile, na uendelee hivyo mpaka duara la 5, ambako mikrolita 50 za mwisho hutupwa. Sasa una seramu nzima, yaani 1:1, kisha 1:2, 1:4, 1:8 na 1:16. Mkono ukiwa na haraka kwenye duara la pili, kosa hilo litasafiri mpaka la tano, kwa sababu kila duara linakopa kutoka kwa lililotangulia.

Sambaza kila tone lijaze duara lake, ukianzia 1:16 na kurudi nyuma hadi 1:1. Ukianzia kwenye seramu nzima, kijiti kitabeba kingamwili nyingi na kuziingiza kwenye maduara ambayo yalitakiwa kuwa na chache.

Hatua ya tatu: kuzungusha na kusoma

Dondosha tone moja la antijeni katika kila duara, usilikoroge, na uweke kadi kwenye rota, yaani mashine ya kuzungushia kadi, kwa dakika 8, mizunguko 100 kwa dakika, chini ya kifuniko chenye sponji iliyoloweshwa maji. Kifuniko hicho huzuia tone kukauka, kwani tone likikauka ukingoni, mkaa hujikusanya na kumdanganya msomaji.

Soma mara tu rota inaposimama, chini ya taa kali, ukiipeperusha kadi kidogo kwa mkono. Sampuli hasi hubaki kijivu laini, au mkaa hukusanyika katikati kama kitone kimoja. Sampuli chanya huonyesha vipande vyeusi vilivyotengana na maji meupe. Hata vipande vikiwa vidogo sana, hiyo ni chanya. RPR haina jibu la "chanya dhaifu", na anayeliandika anamwachia daktari fumbo.

Taita ni duara la mwisho lenye vipande. Ikiwa 1:16 bado ina vipande, endelea na 1:32, 1:64 na kuendelea, lakini kwa viwango hivyo zimua kwa maji ya chumvi yaliyotiwa seramu hasi, sehemu moja ya seramu kwa 50.

Kuna hali moja inayonifanya nisisitize kuzimua kila sampuli inayotia shaka. Katika miaka yangu ya mwanzo kazini, kwenye hospitali moja ya wilaya, nilipokea damu ya mama mwenye ujauzito wa miezi mitano. Duara la seramu nzima halikuwa na vipande. Lilikuwa na ukwaruukwaru tu, kama chai iliyomwagiwa vumbi. Niliandika "hasi". Nesi wa kliniki alinirudia baada ya saa moja akiwa na mama huyo, akamwomba afungue viganja: vilikuwa na vipele vyekundu vya hudhurungi visivyowasha. Nilizimua damu ileile, vipande vikaanza kuonekana kwenye 1:4, vikakolea kwenye 1:16, na vikakoma 1:128. Kingamwili zilikuwa nyingi kupita kiasi, kila chembe ya antijeni ikafunikwa peke yake, na hakuna iliyobaki na nafasi ya kushikamana na mwenzake. Hali hiyo huonekana hasa katika hatua ya pili ya kaswende, ambapo mgonjwa ana maambukizi mengi kuliko wakati wowote. Mama yule alichomwa sindano siku hiyohiyo, na sifa zote ni za nesi.

Hatua ya nne: kulinganisha

Taita moja peke yake ni mwanzo tu. Badiliko lenye maana ni la mara nne, yaani ngazi mbili: kutoka 1:32 hadi 1:8 ni kushuka, na kutoka 1:4 hadi 1:16 ni kupanda. Tofauti ya ngazi moja, kwa mfano 1:16 na 1:8, inaweza kuletwa na mkono wa mpimaji, hivyo isitangazwe kuwa nafuu wala kuwa kushindwa kwa tiba. Linganisha RPR na RPR, si RPR na VDRL, ambacho ni kipimo kingine cha kadiolipini, na ikiwezekana katika maabara ileile. Damu ya msingi ichukuliwe siku ya sindano ya kwanza, kwa kuwa taita inaweza kupanda kati ya siku ya kupimwa na siku ya kutibiwa.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Umeme ukikatika rota ikiwa kwenye dakika ya tano, je, niendelee umeme ukirudi, au nizungushe kwa mkono?

Jibu: Marahaba. Anza upya katika maduara mapya, kwa seramu ileile. Dakika 8 zinahesabiwa mfululizo, na kadi iliyosimama itakuwa imeanza kukauka. Kuzungusha kwa mkono katikati ya kipimo hakuwezi kulinganishwa na kazi ya rota, na taita utakayopata haitafaa kulinganishwa na ya mwezi ujao.

Swali: Mimi ni nesi. Mjamzito amepimwa kwa kipimo cha haraka akawa chanya, lakini RPR yake ni hasi. Nimweleze nini?

Jibu: Dada, kwanza iombe maabara iizimue damu hiyo, kwa sababu niliyoieleza juu. Ikibaki hasi, huenda alitibiwa zamani, au maambukizi ni mapya sana, kwani RPR huweza kuchelewa wiki 1 hadi 4 baada ya kidonda kutokea. Kama hana ushahidi wa maandishi kwamba alitibiwa, apewe benzathini penisilini ya uniti milioni 2.4. Kwa mjamzito, kusubiri uhakika ni hatari zaidi kuliko sindano. Na mwenzi wake aitwe.

Swali: Mgonjwa wangu alianza na 1:32, baada ya miezi sita akawa 1:8, na sasa ni mwaka wa pili yuko 1:4 na haishuki. Anaogopa kwamba bado ni mgonjwa.

Jibu: Ameshuka ngazi tatu, na hiyo ni dalili ya tiba iliyofanya kazi. Baadhi ya watu hubaki na taita ya chini kwa miaka, wengine maisha yote. Daktari amwulize kuhusu mwenzi mpya, ampime VVU kama hajapimwa, na amchunguze kama ana dalili za mishipa ya fahamu, macho au masikio. Kama hakuna kitu, aandikiwe kwenye kadi yake kwamba 1:4 ndiyo taita yake ya kawaida, ili siku ikifika 1:16 mtu atambue kwamba ameambukizwa upya.

Swali: Mtoto amezaliwa na RPR chanya, mama alitibiwa mwezi wa tano wa ujauzito. Damu tulichukua kwenye kitovu.

Jibu: Rudieni kwa damu ya mshipa wa mtoto, kwa maana damu ya kitovu huchanganyika na ya mama. Pimeni mama na mtoto siku moja, kwa vitendanishi vilevile. Kingamwili za mama huvuka kondo la nyuma, kwa hiyo chanya peke yake haimaanishi kwamba mtoto ameambukizwa. Ikiwa mama ana 1:4 na mtoto 1:16 au zaidi, hapo mchukulieni kuwa ameambukizwa. Taita zikilingana, bado daktari amkague ini, wengu, ngozi na pua, kwani kulingana hakumwondolei mtoto shaka yote. Kingamwili za kurithi hushuka zenyewe na kwa kawaida huwa zimekwisha akifikisha miezi sita, basi mpangieni tarehe ya kurudi kabla mama hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na iandikeni kwenye kadi ya mtoto pamoja na taita zote mbili.