Tanuri la umeme likichelewa kufika joto
Wafinyanzi wenzangu wa Moshi na Arusha, tanuri lenu likianza kuchukua muda wa saa 12 kwa kazi iliyokuwa ikiisha kwa saa 8, msikimbilie kununua koili mpya, yaani nyaya za ndani zinazotoa joto. Pimeni umeme kwanza, tena tanuri likiwa linawaka. Kazi hiyo mwachieni fundi umeme.

Nguvu ya koili hufuata mraba wa volti: 230 zikishuka hadi 200, karibu robo ya nguvu yote imepotea. Hapa kwangu Moshi jioni, watu wakiwasha majiko na pasi, ndivyo inavyokuwa. Nilipohamishia uchomaji usiku wa manane, vyungu vikaiva.

Volti zikiwa sawa, zima swichi kuu, chomoa plagi, ndipo upime kwa mita ukinzani wa kila koili, yaani omu zake. Koili hulika kadiri inavyochomwa, na omu zake hupanda. Zikizidi za mwanzo kwa asilimia 10 hivi, badilisha zote kwa pamoja. Mpya na nzee hazipandi joto sawa, na rangi ya kung'aa ndiyo itakayoharibika. Siku ya kufunga mpya, andika omu zake ndani ya kifuniko cha kisanduku cha swichi. Bila namba hiyo, mwakani utabahatisha tu.

Kagua pia maungio ya nyaya: palipoungua pakawa peusi, kata, funga upya. Na koili ya zamani usiikunje ikiwa ya baridi, itakatika kama kijiti kikavu.