Umeangukia unesi bila kupanga? Soma hii kabla hujaamua kubaki au kusepa

Nyie ambao matokeo ya form four yametoka, ulikuwa unawaza udaktari au umeshajiona injinia mgodini Geita, afu shangazi anakuja na "si uombe hata unesi tu mwanangu", hii ni yenu. Wengi tuliopo wodini hapa Mwanza tumeingia hivyo hivyo, mmoja kozi aliyoitaka ilijaa, mwingine alikuja kumuuguza bibi yake hospitali akabaki anawaangalia manesi badala ya simu, mwingine kamfuata rafiki tu. Kwahiyo usijione umechukua nafasi ya mtu mwenye wito. Wito unatajwa sana kwenye mahafali lakini kwa watu ninaowaona kazini mara nyingi ulikuja baadaye, mikono ikiwa imeshazoea kazi.

Anza na cheti chako, hapo hakuna stori ndefu. Diploma ya uuguzi na ukunga ni miaka 3 na wanataka ufaulu kuanzia D kwenye masomo manne yasiyo ya dini, na humo lazima ziwepo kemia, baiolojia na fizikia. Hesabu na kiingereza ukiwa navyo vinakubeba. Wa form six mwenye PCB (fizikia, kemia na baiolojia) iliyokaa vizuri anaweza kwenda digrii moja kwa moja, miaka 4 halafu mwaka mmoja wa intanishipu, na hapa hapa mjini CUHAS, chuo kikuu cha afya pale Bugando, wanafundisha. Maombi ya diploma yanapitia mfumo wa udahili wa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya kati, we mwenyewe na simu yako, chuo ukikague kama kipo kwenye mwongozo wao. Mtu anayekwambia umpe hela pale Nyegezi stendi akutafutie nafasi achana nae.

Sasa kujipima. Kila mtu anauliza "naogopa damu, nitaweza?" Damu utaizoea haraka kuliko unavyodhani. Kinachowashinda watu ni harufu, na binadamu mwenye maumivu anayekufokea wewe kwasababu ndo upo karibu. Kama nyumbani au kwa jirani kuna mzee amepooza upande mmoja omba ukae nae siku kadhaa, lakini ukae kweli, umwogeshe, umlishe uji taratibu akiwa amekaa wima asipaliwe, umgeuze kila baada ya masaa mawili, na usiku pia, maana mgonjwa asiyegeuzwa anatoka vidonda makalioni na visiginoni. Kwenye ngozi yetu nyeusi usisubiri kuona wekundu, gusa, sehemu inayoanza kuharibika mara nyingi inakuwa ya moto au ngumu kuliko pembeni yake. Halafu saa tisa usiku akiwa amechafua shuka ulilotoka kubadilisha, jiangalie. Kukasirika ni kawaida, wote tunakasirika. Angalia kama hasira imefika kwenye mikono, kama umemgeuza kwa nguvu. Ukiona mikono imebaki mipole wakati kichwa kinachemka, we unafaa kuliko mwenye A ya baiolojia.

Maana kazi yenyewe ndo hiyo. Daktari anapita raundi asubuhi, anaandika, anaenda wodi nyingine, sio kosa lake wagonjwa ni wengi. Nesi ndo anabaki. Chukua mfano mdogo tu wa kuhesabu pumzi. Mtoto kaja anakohoa, unamfunua kifua, unahesabu dakika nzima akiwa ametulia, huzidishi nusu dakika kwa mbili. Wa miezi 2 mpaka 11 akifika pumzi 50 au zaidi kwa dakika anapumua haraka, wa mwaka mmoja mpaka mitano ni 40, hapo unawaza nimonia na unamwita mtu sasa hivi. Hakuna mashine ya bei mbaya hapo, ni saa yenye mshale wa sekunde na mtu aliyekubali kutulia dakika nzima foleni ikiwa imefika mlangoni.

Na kuna mambo hayaandikwi kwenye faili. Wabibi wanaoletwa kutoka Kwimba na Misungwi, dokta akiuliza "dawa unakunywa?" watasema ndio, kwa heshima. Ukija wewe ukamsalimia kwa Kisukuma "mwangaluka mayu", ukavuta kiti ukamfunga kanula ya dripu bila haraka, ndo anakwambia zile dawa za presha anagawana na mzee nyumbani. Hiyo taarifa inabadilisha matibabu yote, na imepatikana kwasababu ulikaa. (Kama Kisukuma hujui omba wenzako wakufundishe salamu na maneno ya maumivu, hawakukatalii, watakucheka kidogo tu.)

Visiwani ndo utaelewa zaidi. Ukipangwa zahanati kule Ukerewe au Ukara unaweza kujikuta we ndo kliniki, chanjo, dawa na leba kwa siku moja. Daraja la Kigongo–Busisi limeondoa ile adha ya kusubiri kivuko na mgonjwa wa Sengerema ndani ya gari, ila Ukerewe bado ni maji, na ziwa likichafuka usiku rufaa inasubiri. Kwahiyo ukiwa chuo usizembee somo la ukunga. Mtoto akitoka halii unamkausha, unamsugua mgongo, na kama bado hapumui inatakiwa ndani ya dakika ya kwanza uwe umeshaanza kumpa hewa kwa ambu, ule mfuko wa kubinya wenye barakoa, sio uanze kuitafuta ipo kabati gani. Mama nae, ukishahakikisha hakuna pacha tumboni, anapewa sindano ya oksitosini yuniti 10 ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, asije akavuja damu. Vitu viwili hivyo ukivijua mpaka usingizini, kuna nyumba kisiwani itakuwa na mama na mtoto, na wao wala hawatakumbuka jina lako, watasema "yule sista".

Wanaume, mtaitwa dokta kila siku, rekebisha kwa upole uendelee na kazi. Leba omba ruhusa ya mama kwanza, na ikiwezekana ndugu yake wa kike awepo.

Kabla ya kwenda kwenye mazoezi hospitali uwe umechanja homa ya ini B, nunua viatu vilivyofunika vidole na hiyo saa niliyosema. Ukijichoma sindano iliyotumika osha kwa maji na sabuni, usikamue, toa taarifa hapo hapo upewe PEP, dawa za kuzuia usipate VVU, inatakiwa ianze mapema na mwisho ni masaa 72, watu wananyamaza kwa aibu mpaka muda unapita. Na we uliyedhani umezikimbia hesabu pole, dripu ya lita moja kwa masaa 8 kwa seti ya matone 20 kwa mili ni kama matone 42 kwa dakika, utakokotoa hiyo wodini ndugu wa mgonjwa anakuangalia.

Ukimaliza chuo bado huruhusiwi kushika mgonjwa kama nesi kamili, kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga (TNMC) kisha usajili na leseni. Na kama una ndoto ya digrii baadaye basi GPA ya diploma isishuke chini ya 3.0, na vyuo vitarudi kuangalia D zako za form four mpaka ya hesabu na kiingereza, kwahiyo mwenye F ya hesabu ajisajili kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea mapema, akiwa bado anakumbuka kidogo.